Sala ya Kufunga Mahojiano

Niliisikia sauti kabla sijafumbua macho. Ilitoka upande wa pili wa ubao unaogawa chumba chetu, sauti ya chini yenye mdundo mmoja, ikipanda kidogo mwishoni kisha ikirudi mwanzo. Nikadhani ni rozari. Sista alikuwa ametoka zamu ya usiku, na kawaida yake ilikuwa kusali kidogo kabla ya kulala, saa ileile ambayo mimi huamka kuandika. Nikabaki nimelala nikisikiliza, kwa sababu sauti ya mtu anayesali karibu nawe inatuliza, hata kama wewe mwenyewe huna uhakika unamwamini nani. Kisha kiyoyozi kikanyamaza, kama kinavyofanya chumba kikishapoa, na maneno yakanifikia wazi.

"Imani yangu ni jambo langu binafsi," alikuwa akisema kwa Kiingereza. "Siileti kazini. Imani yangu ni jambo langu binafsi. Siileti kazini."

Nikaketi kitandani. Nilihisi kama nimemfumania mtu.

Sista si mtawa. Ni muuguzi, na kwetu Kenya kila muuguzi wa kike ni sista, hata mwenye mume na watoto saba. Yeye mume hakuwa naye tena, na mtoto alikuwa mmoja, binti aliyekuwa akilelewa na bibi yake Bungoma. Hapa Doha mshahara wake ulitosha kumlisha binti huyo na kumsomesha, ila haukutosha kumleta. Alikuwa amemwona kwenye simu akiota meno, akiyapoteza, akiota mengine. Sasa hospitali ya serikali ya nchi moja ya Ulaya ilikuwa inatafuta wauguzi, na nchi hiyo iliruhusu muuguzi aje na mtoto wake. Mahojiano yalikuwa yamekaribia. Kukaa na binti yake, hilo tu ndilo alilokuwa akilitaka duniani, na sote pale nyumbani tulilijua.

Nilipozunguka ubao nilimkuta ameketi na sare yake, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Umeamka, Mwandishi? Njoo unisikilize. Ajenti wa kazi amesema wataniuliza dini bila kutaja dini."

"Wataulizaje?"

"Kwa kuzunguka. Wataniuliza siku ya mapumziko nafanya nini. Ati nisiseme kanisa. Niseme natembea."

Nikavuta kiti, nikakaza uso, nikajifanya mzungu. "Karibu. Tuambie, siku ya mapumziko unapenda kufanya nini?"

"Kutembea."

"Vizuri sana. Unatembea wapi?"

Akafikiri. "Abu Hamour."

Tukacheka hadi maji yakamwagika kutoka kwenye beseni. Kila Mkenya Mkristo wa Doha anajua kinachopatikana Abu Hamour. Makanisa yote yako kule, pamoja, nyuma ya ukuta mmoja, na Jumapili yetu huwa Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Dereva mmoja Mganda hutupitia nyumbani Fereej Bin Mahmoud, tunabanana kwenye gari lake na vitenge vyetu, tunashuka langoni, mikoba inapita kwenye mashine, tunaingia. Kwa nje huoni msalaba. Ndani unakuta watu wengi kuliko sikukuu yoyote niliyowahi kuiona Nairobi, Wafilipino, Wahindi, Waghana, kila lugha na saa yake. Nilipofika mara ya kwanza nilidhani nitaudhika na ule ukuta. Nilichohisi kilikuwa kigumu zaidi kukieleza. Serikali ya hapa ina dini yake na inasema hivyo waziwazi, na sisi imetupa mahali petu na mpaka wake. Nilijua mahali niliposimama.

Nilikuwa nimetoka katika kikundi cha waandishi vijana wa Nairobi waliojivunia kutoamini. Tulikutana kwenye mkahawa fulani, tukasomeana kurasa zetu, tukaitukana nchi. Tulikuwa na sababu. Kwetu mwanasiasa huingia kanisani na maikrofoni humfuata kiti cha mbele. Tulichoka naye, tukachoka na mchungaji aliyempa nafasi, na tukaipenda Ulaya ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona, mahali ambapo Mungu alikuwa ametenganishwa na serikali kama wagomvi wawili na kila mmoja akapewa chumba chake. Nilikuwa nimeandika hotuba nzima juu ya jambo hilo na kuitia kinywani mwa mhusika mkuu wa riwaya yangu. Asubuhi ile, nikimsikiliza Sista akirudia sentensi yake kwa mdundo wa rozari, nilianza kumshuku mhusika wangu.

Mwenzetu wa tatu aliingia tukiwa bado tunafanya mazoezi. Yeye ni wa Likoni, na sisi wa bara tulimwita Mpwani. Alifanya kazi mapokezi ya hoteli moja Al Sadd, na alikuwa na namna ya kuvua viatu mlangoni akiwa tayari ameshaanza kuzungumza.

"Mwafanya sinema?"

"Mahojiano," nikasema.

"Ah. Ya kule kwa wasiotaka kumuona Mungu." Akaketi kando ya Sista, akachovya kidole kwenye beseni. "Maji yashapoa haya, bi mkubwa."

Mpwani alikuwa amepitia kwa ajenti huyohuyo mwaka uliotangulia, kwa kazi ya kutunza wazee katika nyumba ya serikali. Walimuuliza kama angekubali kuvua mtandio akiwa kazini. Akajibu kwamba huuvua kila siku, akishafika kwake na kufunga mlango. Hawakumpigia tena.

"Lakini sheria yao ni moja kwa wote," Sista akasema. Hayo yalikuwa maneno ya ajenti, yalikuwa bado na sauti ya ajenti. "Hata msalaba hawataki uonekane. Hata kofia ya Myahudi. Hawabagui."

"Msalaba wako waingia ndani ya shati, Sista. Mtandio wangu niuingize wapi?"

"Si nimesema ni moja kwa wote."

"Nimekusikia. Nami nakuuliza niuingize wapi."

Sista alitoa mguu mmoja majini akaanza kuufuta, taratibu, akiupitia kidole kwa kidole.

Kuna jambo moja nililopaswa kuliona mapema, mimi ninayejiita mtazamaji wa watu. Wakenya hatujui kumaliza kikao bila sala. Kikao cha wazazi shuleni, chama cha akiba, baraza la chifu, mkutano wa asubuhi wa wodini, vyote hufunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala, na daima kuna mama mmoja ambaye macho humgeukia. Sista alikuwa mama huyo kila mahali alipofika. Hata pale nyumbani, tulipokaa kujadili nani aliyeacha gesi wazi, tulizozana, tukakubaliana, kisha yeye akasema, "Haya, tufunge kwa neno la sala," na tukainamisha vichwa. Mpwani naye aliitikia amina, kwa adabu, akitazama mkeka. Maneno hayo ya Sista yalikuwa yametoka kinywani mwake mara nyingi mno hata hayakuwa tena maneno. Yalikuwa kama kufunga mfuniko wa sufuria.

Siku ya mahojiano tulikitayarisha chumba. Sista aliomba kompyuta yangu, na aliniomba nami niwepo, mtandao ukisumbua. Tuliiweka juu ya meza ya kupigia pasi, tukaizidishia urefu kwa kitabu kinene na kopo la maziwa, ili aongee akiwa amesimama. Kisha akageuka kuangalia kitakachoonekana nyuma yake. Ukutani kulikuwa na kalenda ya parokia, Mama Maria akiwa amenyoosha mikono.

"Iondoe," akasema.

Nikaiondoa. Ilibaki alama nyeupe kwenye rangi, mstatili safi kuliko ukuta wote.

"Hiyo sasa ndiyo inaonekana zaidi," nikasema.

Tukaning'iniza koti lake la wodini juu ya msumari. Kalenda niliisimamisha nyuma ya friji, ikitazama ukuta. Yeye akaingiza msalaba wake ndani ya shati, akafunga kifungo cha juu, akakifungua, akakifunga tena. Nikaketi sakafuni upande wa kushoto, mahali ambapo kamera haikunifikia, nikiona kioo cha kompyuta kwa pembeni.

Walikuwa wawili. Mwanamke mwenye nywele fupi za mvi na miwani iliyofungwa kamba shingoni, na mwanamume kijana mwenye sweta ya kijani. Nyuma yao ukuta ulikuwa mtupu kabisa, na nilijiuliza kama nao kabla yetu walikuwa wameondoa kitu. Ndivyo nilivyokuwa siku zile. Kila kitu nilikiona kimefichwa.

Mwanamke ndiye aliyeuliza zaidi. Aliuliza juu ya vidonda, juu ya dawa za wagonjwa wa moyo, juu ya siku ambayo Sista aligombana na daktari na sababu yake. Sista alijibu vizuri. Mwanamke akamuuliza mapumziko yake anayatumiaje, na Sista akasema anatembea, na mwanamke hakuuliza wapi. Kisha likaja lile ambalo ajenti alilitabiri.

"Mgonjwa mzee, anayekaribia kufa, anakuomba usali naye. Utafanya nini?"

Niliona mkono wa Sista ukishika ukingo wa meza ya pasi.

"Nitamwita mhudumu wa kiroho wa hospitali," akasema. "Imani yangu ni jambo langu binafsi. Siileti kazini."

Yule kijana akaandika kitu. Mwanamke akaitikia kwa kichwa taratibu, akavua miwani, ikaning'inia kifuani. "Vizuri," akasema. "Nafikiri tumemaliza."

Na Sista, kwa nafuu, kwa uchovu, kwa mazoea ya maisha yake yote, akasema, "Asanteni. Basi tufunge kwa neno la sala."

Akafumba macho. Akafungua viganja. "Bwana," akasema kwa Kiingereza kilekile safi, "tunakushukuru kwa nafasi hii na kwa watumishi wako hawa..."

Nilitaka kumvuta sketi. Sikuweza kuondoa macho kwenye kioo. Yule kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Alikiinamisha upesi, vidole vimefumana juu ya meza, kama mtoto aliyefundishwa na bibi yake. Mwanamke hakuinama. Hakumtazama Sista pia. Alikuwa amegeuka kumtazama mwenzake, na alimtazama muda mrefu, uso wake hausemi kitu. Kijana akainua kichwa, akaanza kupanga kalamu zilizokuwa tayari zimepangika.

"Amina," Sista akasema, akafumbua macho, na hapo ndipo alipojua. Mkono ukapanda mdomoni.

"Asante," mwanamke akasema. "Tutakujulisha." Kioo kikawa cheusi, na ndani yake nikaona nyuso zetu mbili.

Sista hakulia. Alibaki amesimama.

"Niambie mtandao ulikatika."

"Haukukatika, Sista."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaketi kitandani. Akasema, "Nimemfungia mtoto wangu mlango kwa mdomo wangu mwenyewe." Kisha, kwa sauti nyingine, "Walifanya nini nilipofumba macho?"

Nikamwambia yote, kama nilivyoyaona.

"Aliinamisha kichwa? Una hakika?"

"Aliinamisha."

"Na yule mama akamwona."

"Akamwona."

"Maskini," akasema. "Nimemponza na mwenzangu."

Kile kichwa kilichoinama kiliishi nasi siku zilizofuata kama mpangaji wa nne. Tulikijadili tukipika, tukikijadili kwenye foleni ya chai ya karak dukani chini. Mpwani hakukiamini.

"Pengine alitafuta kalamu."

"Kalamu zilikuwa mezani," nikasema.

"Basi ulikuwa mtego. Mmoja ainama, kusudi mwenzake aone wewe utaendelea au utakoma."

"Mtego gani, na mimi ndiye niliyeanza?" Sista akauliza.

"Hao hawakosi mtego. Wewe waambie, Mwandishi. Wewe ndiwe uliyewasoma."

Nilikuwa nimewasoma, na sikujua. Nilijua historia yao kwa kitabu, vita vyao vya zamani vya dini, maaskofu wao waliokuwa na nguvu kuliko wafalme, na nilielewa kwa nini mtu aliyeumwa hivyo atake serikali isiyoinamia mtu yeyote. Ukiwa mgonjwa kitandani, bila nguvu ya kukataa, unaweza kuwa na haki ya kutosaliwa. Hilo bado naliamini. Ila nilikuwa nimeona kijana aliyezaliwa kule, katika nchi yake, ofisini kwake, akiinua kichwa kama mtu aliyekamatwa na kitu mfukoni. Ukuta wa Abu Hamour naweza kuugusa kwa mkono. Ule wa kwao sikuuona ulipo, na nilianza kuhisi kwamba wao wenyewe hutembea wakiupapasa.

Jibu lilikuja Ijumaa, garini, tukitoka kanisani. Sista aliketi mbele kando ya dereva. Simu ikalia, akasoma, akaigeuza kifudifudi pajani, akaigeuza tena.

"Wamenichukua," akasema.

Dereva akapiga usukani kwa kiganja, akashukuru kwa Kiganda. "Webale Mungu! Sista, leo chai ni yako."

"Kwa nini wamenichukua?" Sista akauliza, na hakuwa anatuuliza sisi.

Kulikuwa na tamko la kutia sahihi, linalotiwa sahihi na kila mtumishi wa serikali ile, kwamba kazini hataonyesha dini yake kwa vazi, kwa alama wala kwa neno. Na kulikuwa na jina la msimamizi wake wa miezi ya mwanzo. Alikuwa ni yule mama wa miwani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba amsimamie Sista.

"Amekuchukua akuchunge," Mpwani akasema tulipofika nyumbani. Safari hii hakuwa akitania. "Mtu hukuweka karibu kwa mapenzi, au kwa kutokuamini."

"Au ameona jinsi nilivyojibu ya vidonda," Sista akasema.

"Au hivyo. Mola ajua."

Jioni ile binti alipiga simu. Nilimsikia kupitia ubao, sauti nyembamba yenye mwangwi. Aliuliza kama kuna theluji. Aliuliza kama huko kuna kanisa.

"Yapo mengi," Sista akamwambia. "Makubwa, ya mawe. Watu huyapiga picha."

"Tutaingia?"

"Tutaingia, mama. Siku ambayo sina kazi."

Kesho yake alitia sahihi. Alitumia meza yangu, akaandika jina lake polepole, akapuliza wino ingawa haukuwa wa kupulizwa.

Mabadiliko niliyaona kanisani, Ijumaa mbili baadaye. Padri alisema tuombe, vichwa vyote vikainama, na Sista aliyekuwa kando yangu alikuwa ameacha macho wazi. Alikuwa akizungusha shingo kidogo, safu hadi safu. Nilijua kwa sababu yangu pia yalikuwa wazi, mimi kwa sababu zangu.

"Unamtafuta nani?" nikamnong'oneza.

"Naangalia nani anaangalia."

Sikucheka. Tangu siku ile sikumwona akifumba macho tena katika sala, hata juu ya chakula. Midomo ilikwenda kama zamani, na macho yakabaki kwenye mlango, kwenye dirisha, kwetu. Nilitamani kumwambia kwamba hapa yuko salama, kwamba sisi ni wenziwe. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekaa sakafuni na kutazama.

Siku ya kuondoka ilikuwa mchana, joto likiwa limekaa juu ya kila kitu. Dereva alikuwa chini, injini inanguruma, kwa sababu ukizima gari saa hizo viti hupata moto hadi havikaliki. Sanduku lilikuwa mlangoni. Koti la wodini lilikuwa limekwisha kuingia sandukuni, na alama nyeupe ilikuwa imerudi ukutani.

"Kalenda iko nyuma ya friji," akaniambia. "Ibaki nawe. Ukitaka itundike, usipotaka iache palepale."

"Nitaitundika."

"Usiniahidi. Wewe si mtu wa kalenda."

Mpwani alimpa chupa ndogo ya mafuta ya karafuu, kwa baridi, na kibaragashia cha sufu alichomfumia binti. "Mwambie avae mpaka mlango wa skuli tu," akasema. "Wasije wakakiuliza ni cha dini gani."

Sista akacheka, cheko lake la zamani, lile la beseni. Kisha tukasimama watatu pale karibu na sanduku, na hakuna aliyesogea, kwa sababu Mkenya haanzi safari hivihivi. Nilimngoja aseme. Nilifikiri labda hatasema, na nilishangaa jinsi nilivyotaka aseme, mimi wa mkahawani, mwenye hotuba kinywani mwa mhusika.

"Haya," akasema. "Tufunge kwa neno la sala."

Mpwani akatazama mkeka. Mimi nikainama, kisha nikainua macho, na macho yake yalikuwa yakinisubiri. Alisali kwa Kiswahili, kwa ufupi, akiomba njia, akiomba afya, akiombea nyumba ile na wote watakaolala ndani yake, na wakati wote huo alitutazama, mimi, kisha Mpwani, kisha mimi tena, bila hasira, kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa anapomeza dawa, kuhakikisha imepita.

"Amina," tukasema.

Akafunga kifungo cha juu cha shati. Akavuta sanduku, gurudumu likagonga kizingiti, akaliinua, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.